KUJIFUNZA KUKIMBIA MBIO NDEFU

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo wa Dirma, Novemba 2025



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mbio ndefu, yaani marathoni. Wengine mtasema mbio ni kazi ya vijana. Mtauliza, mtu mwenye shamba na watoto atazipata wapi nguvu za kukimbia bure? Swali hilo ni zuri. Naomba mnisikilize kwanza, halafu tutajadili.

Marathoni ni mbio za kilometa 42 na mita 195. Mwanakisomo mwenzetu mmoja, mama wa miaka 38 na mkulima wa mahindi na mbaazi, aliniuliza, "Mwalimu, hizo kilometa ni nyingi kiasi gani?" Tukapiga hesabu ubaoni. Uwanja wa mbio una duara la mita 400. Ukitaka kumaliza marathoni ndani ya uwanja huo, utauzunguka mara 105 na nusu. Darasa zima lilicheka. Yule mama hakucheka. Aliandika hesabu ile katika daftari lake. Habari zake nitazieleza, ila ameniomba nisitaje jina lake.

WATU WA KWETU NA MBIO HIZI

Mbio ndefu si kitu kigeni katika nchi yetu hii ya Hanang na Mbulu. Gidamis Shahanga ni mzaliwa wa Katesh, hapa hapa Hanang. Mwaka 1978 alikwenda Edmonton, Kanada, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alikuwa bado hajatimiza miaka 21. Alishinda marathoni na kuleta medali ya dhahabu. Mwaka 1982, huko Brisbane, Australia, alipata tena dhahabu, safari hii katika mbio za mita 10,000. Gabriel Geay naye ni wa Mbulu. Mwaka 2022 alikimbia marathoni mjini Valencia, Hispania, kwa saa 2 na dakika 3. Na mwezi Septemba mwaka 2025, jirani yetu Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo, Japani. Yeye na Mjerumani aliyemfuata walipewa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi waamuzi waangalie picha ili wajue nani alitangulia.

Lakini mtu wa kwetu anayejulikana zaidi duniani kwa mbio hizi hakushinda. Alikuwa wa mwisho. Huyo ni John Stephen Akhwari wa Mbulu.

Tarehe 20 Oktoba 1968 Akhwari alikimbia marathoni ya Olimpiki katika mji wa Mexico. Mji ule uko juu sana, kiasi cha mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na misuli yake ilianza kukakamaa. Walipofika karibu kilometa ya 19, wakimbiaji walikuwa wakigombea nafasi, naye akaanguka. Goti lilichubuka na kuteguka, na bega likagonga barabara. Walikuwa bado kilometa 23 mbele yake.

Watu 75 walianza mbio zile. Waliomaliza ni 57 tu. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji, baada ya saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Watazamaji wengi walikuwa wamekwenda zao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio tu, bali ilimtuma ili azimalize.

Habari hii niliisoma darasani. Ndiyo iliyomwasha moto yule mama.

ALIVYOANZA

Alianza Agosti 2024, baada ya mavuno. Shabaha yake ilikuwa mbio za Kilimanjaro Marathon, ambazo hukimbiwa Moshi kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mbio hizo zilianza mwaka 2003. Kuna marathoni kamili, kuna nusu yake ya kilometa 21, na kuna mbio fupi za kilometa 5.

Kwanza alikwenda zahanati. Hili naomba mlishike. Mtu mzima asiyezoea kukimbia apime presha na aeleze maradhi aliyo nayo kabla ya kuanza. Daktari alimruhusu.

Pili, alinunua raba za mtumba mnadani Katesh. Alichagua zilizompwaya kidogo mbele, kwa sababu mguu huvimba mtu akikimbia muda mrefu. Raba zikibana, kucha huwa nyeusi na kung'oka.

Tatu, alifungua daftari. Kila siku ya mazoezi aliandika mambo matatu: tarehe, dakika alizokimbia, na jinsi mwili ulivyohisi. Ameniruhusu nisome maneno ya siku ya kwanza: "Nimekimbia dakika moja. Pumzi imekata. Nimetembea dakika tano."

Dakika moja, ndugu zangu! Na huyu ni mama anayebeba ndoo ya maji kichwani kila siku. Nguvu alikuwa nazo. Lakini kukimbia ni kazi nyingine. Moyo na mapafu vinahitaji kuzoezwa, na mifupa na mishipa ya miguu inahitaji muda mrefu zaidi.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Alitembea dakika tano, akakimbia dakika moja, akarudia mara tano. Alifanya hivyo Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku nyingine alipumzika, ila kazi za nyumbani hazikupumzika. Kila wiki aliongeza kidogo dakika za kukimbia na kupunguza za kutembea. Na alikimbia polepole. Kipimo ni rahisi: ukiweza kuongea na mwenzio huku unakimbia, mwendo ni mzuri. Ukishindwa kutamka maneno matatu, punguza.

Maneno ya watu hayakukosa. Pale kwenye mashine ya kusaga walisema, "Mama mzima anakimbia, amefukuzwa na nani?" Mama mkwe wake naye hakupendezwa. Mume wake alinyamaza wiki tatu. Wiki ya nne akamwambia, "Mama, kama lazima ukimbie, kimbia alfajiri, nami nitawasha moto wa chai." Tangu siku hiyo uji wa watoto ulipikwa na baba yao. Maneno ya mashineni hayakuisha, lakini yalipungua uzito.

Mwezi wa Oktoba alikimbia kilometa 5 bila kusimama. Njia tuliipima kwa mita ya pikipiki. Mwishoni mwa Novemba alifika kilometa 10. Kila Jumamosi alikimbia safari moja ndefu kuliko zote za wiki. Kanuni ni kwamba mtu asiongeze zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki. Ukikimbia kilometa 10 wiki hii, wiki ijayo kimbia 11. Mwisho wa Desemba alikuwa amefika kilometa 14.

GOTI

Mwezi wa Januari mambo yalibadilika. Mvua ilikuwa imenyesha na palizi ilikuwa imeanza. Alishinda shambani ameinama, jioni akakimbia. Tena alihesabu wiki zilizobaki, akaona amechelewa. Basi Jumamosi moja akaruka kutoka kilometa 14 hadi 20. Siku ya pili goti la kulia lilivimba. Daftari linasema: "Siwezi kuchuchumaa."

Zahanati walimwambia apumzike wiki mbili kamili. Alikuja kwangu amekasirika. Aliniambia, "Mwalimu, wewe ndiye uliyetusomea habari za Akhwari. Naye goti lake liliumia, wala hakusimama. Kwa nini mimi nisimame?"

Ndugu zangu, swali hili ndilo lililonifanya nije kuzungumza nanyi leo. Wengi tunasikia habari za mashujaa na kuzichukua nusu.

Nilimjibu hivi. "Mama, Akhwari aliumia siku ya mashindano yenyewe. Olimpiki huja mara moja katika miaka minne. Alikuwa amefanya mazoezi kwa miaka, na nchi nzima ilimtuma. Aliamua kulipa gharama ile. Wewe umeumia katika mazoezi. Mbio za Moshi ziko kila mwaka. Goti hilo ndilo unalopigia magoti shambani na ndilo unalobebea maji. Ukiliharibu, hasara itawapata watu sita wa nyumba yako."

Nikamwambia jambo jingine. Habari za Akhwari hazikuishia Mexico. Mwaka 1970 alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Uskochi. Alikuwa wa tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Yaani goti lilipona, akarudi mazoezini, akakimbia vizuri kuliko watu wengi wa wakati wake. Mwaka 1983 taifa lilimpa medali ya heshima.

Hakunijibu. Alikwenda zake. Baada ya siku tatu alirudi na daftari. Alikuwa amepiga hesabu mwenyewe. Wiki mbili za kupumzika, halafu zinabaki wiki nne. Akianza tena na kilometa 12 na kuongeza kidogo kila wiki, atafika 16 au 17. Marathoni inataka mtu awe amewahi kukimbia kama kilometa 30 katika mazoezi, wiki tatu hivi kabla ya mbio. "Mwalimu," akasema, "hesabu imekataa. Mwaka huu nitakimbia ile ya 21."

Mtu asiyejua kusoma wala kuhesabu angeamua kwa hasira tu. Yeye aliamua kwa tarakimu zake mwenyewe.

MOSHI

Februari 2025 alikwenda Moshi kwa basi. Moshi iko chini kuliko kwetu na joto lake ni kali, kwa hiyo mbio huanza asubuhi mapema. Sehemu ya njia hupanda kuelekea Mweka. Pale penye mlima alitembea, penye mteremko akakimbia. Alimaliza kilometa 21 kwa saa 2 na dakika 51. Goti lilinyamaza. Alirudi na medali, na watoto wakaitundika ukutani.

Je, ameridhika? Hata kidogo. Aliniambia, "Nilipofika mwisho, niliwaona wa marathoni kamili bado wanakuja. Nikajua kazi yangu haijaisha." Sasa anajiandaa kwa Februari 2026, na safari hii alianza mwezi wa Mei. Mimi siwezi kuwaahidi kwamba atamaliza. Mwili una siri zake. Lakini daftari la pili limekwisha kujaa nusu.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa anayetaka kumfuata, nasema haya kwa kifupi.

Kwanza, jipe muda. Mtu anayeanza kabisa ahesabu miezi tisa hadi mwaka mzima.

Pili, kula vizuri. Ugali, viazi, maharage, maziwa na matunda yanatosha. Mwili huweka akiba ya nguvu za chakula katika misuli na ini. Karibu na kilometa ya 30 akiba ile huelekea kuisha, na miguu huwa kama magogo. Anayeanza kwa kasi huimaliza mapema zaidi. Kwa hiyo anza polepole, na njiani kula kitu chenye sukari, kama ndizi.

Tatu, kunywa maji kila unapoona kiu, lakini usinywe kupita kiasi. Maji mengi mno kwa wakati mmoja hupunguza chumvi mwilini, nayo ni hatari.

Nne, usikimbie ukiwa na homa. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama na uende zahanati.

Tano, katika wiki ya palizi na ya mavuno punguza mazoezi. Jembe nalo ni mazoezi.

Sita, andika. Usipoandika utasahau ulikotoka, na utadhani husongi mbele.

Ndugu wanakisomo, Akhwari alitufundisha kumaliza. Mama huyu anatufundisha kuchagua wakati wa kumaliza. Mafunzo yote mawili ni ya kweli, na kila mtu atayapima kwa maisha yake. Kama wapo wanaotaka kuanza, mama huyu anakimbia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alfajiri, kuanzia uwanja wa shule. Hamtamwacha nyuma, lakini atawasubiri.



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini Akhwari hakuacha mbio, na kwa nini yule mama aliacha kwa muda?
2. Mtu akikimbia kilometa 8 wiki hii na kuongeza kilometa moja kila wiki, atafika kilometa 20 baada ya wiki ngapi?
3. Je, kuna kazi nyingine kijijini kwetu inayofaa kuandikwa kila siku katika daftari? Itajeni.