Umemwona Mara Ngapi?
(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Busisi)



Nimeombwa niseme machache juu ya michezo. Wenzangu wa darasa lazima wanacheka, maana wanajua kwamba jezi ya shule niliivaa mara mbili tu, na mara zote mbili niliirudisha safi kama ilivyotoka kwa dobi. Nilikuwa mtu wa benchi. Lakini nilikuwa shabiki, tena nilikuwa katibu wa timu. Kwa hiyo nitasema juu ya jambo ambalo sisi washabiki tunalipenda pengine kuliko mpira wenyewe, yaani kubishana nani apangwe na nani aachwe.

Wadogo zetu, ninyi mna bahati. Tangu tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipolifungua Daraja la J.P. Magufuli, mtu hutoka Kigongo akafika Busisi kwa dakika chache. Sisi tulisubiri kivuko. Ukikikosa kimoja, ulikaa gatini hadi kingine kije, na foleni ikiwa ndefu ulikaa zaidi. Na mtu akikaa gatini hana la kufanya, atanunua samaki wa kukaanga, kisha atabishana mpira. Madereva, makondakta, wachuuzi, askari wa likizo, wanafunzi wenye masanduku ya bati, wote walikuwa makocha. Walikuwapo wa Pamba, wana Kawekamo. Walikuwapo wa Toto African. Wa Simba na Yanga ndio usiseme.

Katika watu hao alikuwapo mzee mmoja mchuuzi wa dagaa. Hakuwa mtu wa kelele. Kijana akisimama na kutangaza, "Yule winga wa Pamba kaisha, aachwe!", mzee alimtazama kwanza, halafu akamwuliza, "Umemwona mara ngapi?" Kijana akajibu, "Jumamosi iliyopita, Kirumba." Mzee akauliza tena, "Na kabla ya Jumamosi?" Hapo ndipo watu walipoangua kicheko, kwa sababu kijana hakuwa na jibu.

Ndugu zangu, swali la mzee yule nimelibeba mpaka leo. Kiwango cha mchezaji si Jumamosi moja. Mtu anaweza kucheza vibaya siku moja kwa sababu ya malaria, au msiba, au kiwanja kilichojaa maji. Na asiyejua kitu anaweza kung'ara siku moja kwa bahati. Anayetaka kuchagua kwa haki hana budi kuona mara nyingi, na kwa kuwa kichwa cha binadamu husahau, hana budi kuandika.

Nitoe mfano tunaoujua wote. Agosti 1979, Peter Tino alifunga goli kule Ndola, tukatoka sare 1–1 na Zambia, tukaenda Lagos kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980. Hata sisi ambao hatukuwa tumezaliwa tunalijua goli hilo kama tunavyojua majina ya babu zetu. Na Tino anastahili. Lakini kabla ya Ndola tulikuwa tumeshinda 1–0 Dar es Salaam. Fanyeni hesabu. Siku ile ya Dar es Salaam Zambia wangepata goli moja tu, jumla ingekuwa 2–2, na safari ya Lagos ingekuwa mashakani. Mlinda mlango na mabeki waliozuia goli hilo moja, nani kati yetu anawataja gatini? Goli linaonekana. Goli lililozuiwa halionekani, labda mtu aliandike.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Katika fainali zilizochezwa Kodivaa Januari 2024, Taifa Stars walipata pointi 2, wakashika mkia katika kundi lao, wakarudi nyumbani. Katika fainali za Moroko, Desemba 2025, walipata pointi 2 zile zile, na safari hii wakaingia 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Ilikuwaje? Sisi na Angola tulilingana pointi, tukalingana hata tofauti ya magoli. Lakini sisi tulikuwa tumefunga magoli 3, Angola 2. Moja katika hayo matatu ni goli tulilopata siku tuliyofungwa na Nigeria 2–1. Usiku ule washabiki wengi, na mimi nikiwamo, tulisema goli la mtu aliyefungwa halina kazi. Wiki moja baadaye goli hilo ndilo lililotuvusha.

Hapa mnaona mambo mawili. La kwanza, tarakimu peke yake haisemi yote, maana pointi 2 za mwaka mmoja si pointi 2 za mwaka mwingine. La pili, jambo dogo unalolidharau leo linaweza kuwa ndilo litakaloamua kesho. Ndiyo maana jicho na daftari lazima viende pamoja.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, naomba ruhusa niseme jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu.

Mwaka 1999 nilikuwa kidato cha tatu, na ukatibu wa timu nilikuwa ninao. Nilikuwa na kaunta buku langu. Kila mechi niliandika nani kacheza, nani kafunga, nani katoa pasi ya goli, na kila goli tulilofungwa limepitia upande gani. Beki wetu wa kushoto alikuwa kijana mkimya, mtoto wa mvuvi. Katika mechi 11, upande wake ulipitisha magoli 2 tu. Upande wa kulia ulipitisha 7. Halafu tukacheza mechi moja ngumu ugenini, naye akateleza, mpira ukampita, tukafungwa. Bwenini usiku ule hakuna aliyesema jambo jingine. "Kaisha! Aachwe!"

Siku ya kupanga timu kwa mechi iliyofuata, tuliitwa kutoa maoni. Daftari lilikuwa mkononi mwangu. Lakini aliyekuwa akitajwa kuchukua nafasi ile alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete, tuliokula sahani moja. Nikanyamaza. Yule kijana akaachwa, na hakurudi tena kiwanjani mpaka tulipomaliza shule.

Mtauliza, je, tulifungwa? Hapana. Tulishinda 2–1. Na hilo ndilo lililokuwa baya, maana timu iliposhinda hakuna aliyekumbuka kuuliza kama tulimtendea haki. Ushindi ulifunika kosa.

Kijana yule leo ni mtu mzima kama mimi, na yumo humu ukumbini. Jina lake silitaji, ingawa kanipa idhini ya kusimulia. Asubuhi tulipokuwa tunakunywa chai nilimwomba radhi. Nilidhani atakasirika, au atacheka. Alinitazama akasema neno moja tu: "Kumbe uliandika?" Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiamini kwamba kweli alikuwa mbovu. Hakujua kwamba kulikuwa na karatasi inayomtetea, imelala ndani ya sanduku langu.

Ndugu zangu, mimi ni mtumishi wa serikali. Sehemu ya kazi yangu ni kukaa katika vikao vinavyosema nani apandishwe cheo, nani apelekwe masomoni, nani ahamishwe. Na huko pia kuna gati lake. Huko pia mtu husema, "Fulani kaisha," kwa sababu alichelewa siku moja, au kwa sababu hajui kujisemea. Kila ninapolisikia neno hilo, namwona mzee wa dagaa ananitazama, nami nauliza: tumemwona mara ngapi? Jalada lake linasema nini? Sisemi nimepatia kila mara. Nasema sijanyamaza tena.

Wadogo zetu, bishaneni. Mabishano ya mpira yanamfundisha mtu kupanga hoja na kuvumilia kushindwa kwa maneno. Lakini bishaneni na daftari. Andikeni aliyefunga na aliyezuia, aliyetoa pasi na aliyekimbia bila mpira ili mwenzake apate nafasi. Na ukiwa na ukweli mkononi, usiufiche kwa ajili ya rafiki. Rafiki akiwa mzuri, zamu yake itafika.

Nimeleta kaunta buku mbili, moja ya timu na moja ya akiba. Namkabidhi Mkuu wa Shule. Ombi langu ni kwamba zisikae ofisini, bali ziende kiwanjani kila Jumamosi, na kila mchezaji awe huru kuzifungua na kusoma ukurasa wake.

Daraja limekuja, na gati halina tena watu wa kubishana kama zamani. Mzee wa dagaa hatuko naye tena. Swali lake basi na libaki hapa shuleni.

Shule yetu idumu.