Subira na Kupima: Funzo la Mwambao wa Rumonge



Wahenga walisema subira yavuta heri. Askari hufundishwa maana ya neno hili tangu siku anapoingia chuoni: huvumilia jua, njaa na usingizi, naye hujifunza kutonung'unika. Mafunzo hayo ni ya lazima. Hata hivyo, uvumilivu peke yake hautoshi. Mtu aweza kustahimili dhiki kwa miaka mingi, kisha akayaangamiza kwa saa moja yote aliyoyastahimilia, kwa sababu tu ameamini neno ambalo hakulipima. Ushahidi wa jambo hili tunaupata katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, na hasa Rumonge.

Mji wa Rumonge uko kusini ya Bujumbura, mwendo wa kilometa zipatazo 70 kwa barabara inayofuata ziwa. Ni nchi ya michikichi na mawese, ya dagaa na migebuka, na Kiswahili kimezoeleka sokoni na bandarini. Wavuvi wa taa wa huko hutoka usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu hukaa nchi kavu wakitengeneza nyavu, maana wanajua kwamba nuru ya mwezi huishinda nuru ya taa, na samaki hawakusanyiki. Wanasubiri, lakini wanajua kwa nini wanasubiri. Huo ndio uvumilivu tunaoutaka.

Sasa tuyakumbuke yaliyotokea mwaka 1972. Jumamosi tarehe 29 Aprili mwaka huo, waasi walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini. Watu wengi wasio na hatia, wengi wao Watutsi, waliuawa. Serikali ya wakati ule ilikuwa na haki, tena na wajibu, wa kuwasaka waliotenda maovu hayo na kuwafikisha mbele ya sheria. Lakini haikuishia hapo. Neno likapita kwamba kila Mhutu aliyesoma ni mshiriki wa njama. Walimu, wanafunzi, makarani, wauguzi, na hata askari waliovaa sare ile ile ya taifa, walikamatwa na kuuawa, mbali kabisa na mwambao ambako uasi ulianzia. Makadirio ya waliokufa huanzia watu 100,000, na mengine hufika 300,000.

Tujiulize: ni kosa gani la fikra lililotangulia kosa la mkono? Kosa lenyewe ni hili: tendo la watu fulani liligeuzwa kuwa hatia ya watu wote wanaofanana nao. Aliyeamini hivyo hakuhitaji tena shahidi, wala hakimu, wala ushahidi. Orodha ya majina ilitosha. Na wengi waliobeba bunduki siku zile hawakuwa watu wasioweza kuvumilia. Walikuwa na nidhamu na ushupavu. Walichokosa ni kuuliza.

Zaidi ya watu laki moja walikimbilia nchi jirani, wengi wao Tanzania, ambako walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hapo tunauona uvumilivu wa namna nyingine. Waliufyeka msitu, wakajenga shule, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe. Baadaye, walipopewa nafasi ya kuchagua, zaidi ya 160,000, pamoja na watoto waliozaliwa ugenini, wakawa raia wa Tanzania. Wengine zaidi ya 50,000 wakaamua kurudi Burundi kuanzia mwaka 2008.

Waliorudi Rumonge waliwakuta watu wengine katika mashamba yao. Ndugu askari, hapa ndipo penye mtihani mgumu, na mara nyingi polisi ndiye huitwa kwanza. Mmoja husema: babu yangu amezikwa hapa, na michikichi ile aliipanda yeye. Mwingine husema: ardhi hii nilipewa na serikali, au niliinunua kwa fedha zangu, nami nimewalea wanangu hapa kwa miaka 30. Aghalabu wote wawili husema kweli. Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalisema mkimbizi arudishiwe mali yake, na isipowezekana alipwe fidia ya haki. Mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine. Kwanza tume hiyo ilipendelea wenye madai wagawane shamba. Baadaye ikashika msimamo wa kumrudishia mwenyeji wa kwanza shamba zima, na chuki ikaongezeka. Tume ilifikia mwisho wake mwaka 2022, lakini magomvi ya mipaka hayakwisha pamoja nayo.

Askari anayefika katika shamba la namna hiyo hakutumwa kuamua nani mwenye mali. Kazi hiyo ni ya mahakama. Lakini jinsi anavyosikiliza yaweza kuzuia damu au kuimwaga. Akija ameshaamua moyoni kwamba aliyekimbia ni mwongo, au kwamba aliyebaki ni mwizi, basi amekwisha kuwa upande mmoja wa ugomvi, na bunduki ya taifa imekuwa mali ya jirani mmoja. Warundi wana desturi njema ya Abashingantahe, wazee wa busara ambao husikiliza pande zote, wakawauliza mashahidi, wakashauriana, ndipo wakatamka. Desturi hiyo ni shule ya kupima maneno, nayo ni ya kale kuliko vyuo vyetu.

Basi kila neno linapokufikia, ulipime kwa maswali machache. Anayesema aliona kwa macho yake, au naye kasikia? Ametaja mtu na tendo, au ametaja kabila, dini na kijiji tu? Nani atafaidika nikiamini? Na je, nikingoja hadi asubuhi ili nihakikishe, nitapoteza nini? Uvumi hauna subira. Hutaka utende sasa hivi. Haraka hiyo peke yake yatosha kukufanya ushuku.

Huenda afisa mmoja akasema: jeshi ni amri, na askari wote wakianza kuuliza, kikosi kitageuka baraza la soko. Hoja hii ina uzito. Katika mapigano hakuna nafasi ya mjadala, na askari asiyetii amri halali huhatarisha maisha ya wenzake. Lakini uvumi si amri, hata ukisemwa na mkubwa. Na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo majeshi yetu yamefungwa nayo, inakataza waziwazi kumuua mtu asiyeshiriki vitani. Anayeambiwa amuue raia aliyefungwa mikono hakupewa amri ya kijeshi; amealikwa katika jinai. Mapatano ya Arusha yaliweka pia kanuni kwamba kabila moja lisizidi nusu ya jeshi, ili kuzuia mauaji ya kimbari na mapinduzi. Kanuni hiyo ni njema, lakini haiwezi kufikiri badala ya askari.

Na katika milima ya Bururi, juu ya mwambao huo huo, tunao mfano wa vijana. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliivamia seminari ndogo ya Buta, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Wanafunzi 40 waliuawa. Vijana hao hawakuwa na bunduki, wala cheo, wala muda wa kutafakari. Lakini walikwisha kufundishwa kuishi na kufikiri pamoja, hata neno ovu lilipowafikia walilitambua.

Ndugu askari, ushupavu wa mwili mnao. Uongezeni ushupavu wa akili, ule wa kusema: sijaona, sijathibitisha, sitatenda mpaka nijue. Raia wa Rumonge anayelala usiku karibu na kizuizi cha barabarani hawezi kuzijua fikra za mlinzi wake. Lakini uhai wake unazitegemea.