Kabla ya Kumkalisha, Upe Mwili Wake Kazi

Msikilizaji, una mtoto mwenye usonji nyumbani? Ukimkalisha ale, anainuka. Anazunguka, anaruka, anajibamiza kwenye kochi. Majirani wanasema hana adabu. Si kweli. Mara nyingi mwili wake unatafuta hisia unazozihitaji ili utulie.

Basi, kabla ya kumkalisha, upe mwili wake kazi. Kazi ya kusukuma, kuvuta au kubeba. Abebe kindoo cha maji anachokimudu. Akusaidie kukanda unga wa chapati, aukandamize kwa viganja vyote viwili. Asukume ukuta kama anayetaka kuuhamisha. Dakika chache tu. Kisha mkalishe, uone.

Lakini watoto hawafanani. Mmoja anapenda kukumbatiwa kwa nguvu, mwingine hata lebo ya shati shingoni inamkera. Kwa hiyo mfuate yeye. Akiziba masikio, akigeuza uso au akiuondoa mkono wako, acha hapo hapo. Kumlazimisha mtoto ashike kinachomtisha si mazoezi, ni kumwonea.

Nasema tena: kwanza kazi ya mwili, kisha kukaa. Mazoezi haya hayaondoi usonji, na anayekuuzia dawa ya kuuondoa anakudanganya. Ila yanaweza kumrahisishia mtoto siku yake.

Leo jioni, kabla ya chakula, jaribu zoezi moja. Na ukienda kliniki, mwombe daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, anayejua mazoezi ya namna hii.