KWA BAISKELI KATIKA BONDE LA LUKULEDI NA NJIA YA RELI ILIYOKUFA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumetakiwa na Halmashauri tueleze khabari za safari ya baiskeli tuliyoifanya watu watatu wakati wa likizo, kutoka Lindi hata Masasi, kisha Nachingwea. Twashukuru kwa heshima hiyo. Wengine wenu mmekwisha kutuuliza, na swali lenu ni la haki, kwa nini watu wenye nauli ya basi mfukoni wachague kutoa jasho muda wa siku nne katika njia ambayo basi huimaliza kabla ya adhuhuri. Jawabu la kwanza ni kwamba hatukuifuata barabara peke yake, bali kila tulipoweza tulilifuata tuta la reli ya zamani, na huko basi halipiti. Jawabu la pili litaonekana mbele, nalo ndilo lililotufanya tukubali kusimama hapa.

Kwanza yafaa tuseme reli hiyo ilikuwa nini, maana wako vijana katika ofisi zetu wasiojua kwamba Lindi ilipata kuwa na gari la moshi. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 ikapatikana shauri ya kulima karanga katika Tanganyika, ekari zaidi ya milioni 3, kwa matrekta. Mahali palipochaguliwa ni Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa na Urambo zilikuwa na Reli ya Kati karibu. Nachingwea haikuwa na reli wala bandari, ikabidi vyote viwili vianzwe tangu msingi. Reli ikatoka katika gati la Mkwaya, ndani ya mkono wa bahari wa Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Hata mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ikauvunja mpango wenyewe wa karanga, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimekwisha kupotea. Basi reli ilifika shambani wakati shamba linakufa. Walakini kazi haikusimama: mwaka 1954 bandari ya Mtwara yenye kina kirefu ilifunguliwa na kuungwa na reli, njia mbili za pwani zikikutana bara katika Ruo, na mwaka 1958 tawi likafika Masasi. Mwaka 1962 yote ikafungwa, kwani mizigo haikutosha kulipa gharama, na vyuma vikang'olewa. Tawi la Masasi, basi, liliishi miaka minne tu. Ziko baiskeli katika idara yetu zilizoishi zaidi ya hapo.

Sasa kwa nini njia ya reli iliyokufa imfae mpanda baiskeli? Kichwa cha gari la moshi ni chenye nguvu nyingi mahali tambarare, lakini mbele ya kilima ni kama mtu mnene mbele ya ngazi. Kwa hiyo mhandisi wa reli huutafuta mwinuko mdogo, aghalabu usiozidi hatua moja ya kupanda katika hatua hamsini za kwenda mbele. Akikuta bonde dogo hulijaza udongo, akikuta kilima hukikata katikati, na mahali penye kijito hujenga kalvati ya zege. Kazi yote hiyo hubaki baada ya vyuma kuondolewa. Mwenye baiskeli hupanda bila kujua kwamba anapanda, hata atazame nyuma auone mnazi wa mwisho uko chini yake mbali. Barabara haina huruma hiyo, nayo hushuka bondeni ikapanda tena kwa ukali, na magoti ya karani aliyekaa kitini miaka kumi huyajua mambo hayo upesi.

Na bonde lenyewe ni zuri. Mto Lukuledi hutoka bara upande wa Masasi ukaingia bahari katika ghuba ya Lindi. Kusini yake uwanda wa juu wa Makonde umesimama kama ukuta, na kaskazini uko uwanda wa Rondo. Reli haikuwa na hiari ila kupita katikati. Tuliondoka mwezi wa Julai, mvua zimekwisha, upepo wa kusi ukitupiga ubavuni. Siku ya kwanza ni ya mikoko, ya minazi na ya mashamba ya mkonge yaliyogeuka pori. Baada ya hapo huanza mikorosho, nayo haikuachi tena. Ufuta ulikuwa umekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu ukauke, na mbaazi zilikuwa katika maua, zikipita kichwa cha mtu aliye juu ya baiskeli.

Kulitambua tuta kwataka mazoea. Mahali pengine limekuwa njia nzuri ya miguu, ngumu na nyekundu, hata mtu aweza kuachilia mkono mmoja akanywa maji. Mahali pengine ni kichaka cha miiba, tukashuka tukazibeba baiskeli begani. Tulijifunza kuzitazama kalvati, kwa maana zege haliliwi na mchwa. Palipo na kalvati bila barabara, reli ilipita hapo. Alama nyingine ni miembe. Mara mbili tuliikuta imesimama kwa mstari mahali pasipo nyumba hata moja, nasi tukadhani ilikuwa stesheni au kambi ya wajenzi, watu wakila maembe na kutupa kokwa. Hatukuona popote jiwe lenye jina la mmoja wa watu waliochimba udongo ule kwa jembe na karai.

Baada ya Mtama njia hufika Nyangao na Mahiwa. Nyangao ilikuwako misheni iliyochomwa moto katika vita vya Maji Maji mwaka 1905. Na Mahiwa, kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, Waingereza na Wadachi walipigana vita vikali kuliko karibu vyote vya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Askari Waafrika walikuwa pande zote mbili, na kati ya wale wa Waingereza walikuwamo watu wa Nigeria, waliosafirishwa kuizunguka nusu ya bara ili kuja kufa katika majani ya Lukuledi. Tulipumzika hapo saa nzima, tukaziba pancha. Tukapita Ndanda, ambako misheni ya Wabenediktini ilianzishwa mwaka 1906 chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, na ambako marehemu Rais Mkapa alisoma katika ujana wake. Khabari za Masasi na majabali yake mnazijua, hatutazirudia.

Sasa twafika kwenye neno lenyewe.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, tulikuwa juu ya kipande kizuri cha tuta, mmoja wetu akiandika katika daftari umbali tuliokwenda. Mzee mmoja akatoka katika mikorosho. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba, wanangu," lakini macho yake yalikuwa katika daftari. Akauliza, "Mmekuja kupima?" Tukamwambia, "La, mzee, hatupimi. Sisi ni wasafiri tu, twatazama njia ya reli." Akanyamaza kitambo. Kisha akatuonyesha mikorosho yake, miti kumi na miwili, imepandwa juu ya tuta lile lile kwa mstari ulionyoka kama vyuma vilivyokuwapo kabla yake. Akasema, "Reli ilipokuja hatukuulizwa. Ilipoondoka hatukuulizwa. Leo ninyi mwauliza, ndiyo sababu naogopa."

Tulikaa naye mpaka jua lilipopungua, akatupa maji na mihogo ya kuchoma. Alikuwa mtoto reli ilipojengwa. Alikumbuka sauti ya honi usiku, na jinsi watu walivyotembea kutoka mbali ili kuona gari likipita. Lakini mikorosho ile ndiyo iliyosomesha watoto wake, wala hakuna honi iliyopata kumlipia karo mtu yeyote. Tulipoagana alituomba tuandike katika daftari letu kwamba miti ni yake. Tukaandika mbele ya macho yake, idadi na mahali, akaridhika kidogo.

Bwana Mwenyekiti, tangu siku ile mashauri mawili yamekuwa yakishindana ndani yetu, na twapenda wanachama wayasikie yote.

Shauri la kwanza ni la barabara. Lami kati ya Mnazi Mmoja na Masasi ni neema kubwa, hapana anayekana. Lakini kwa mwenye baiskeli lami ni mahali pa hatari. Lori likija nyuma na basi likija mbele, yeye hana pa kwenda ila mtaroni. Na wenye baiskeli si sisi wenye likizo. Ni mkulima aliyefunga magunia mawili ya ufuta au ya korosho juu ya keria, akiyapeleka katika ghala la chama cha msingi. Ni mwanafunzi aliyempakia mdogo wake. Ni mama anayekwenda zahanati. Mtu mwenye magunia mawili hawezi kuruka mtaroni upesi. Tuliona kwa macho yetu mkulima akitupwa na upepo wa lori, magunia yakapasuka, ufuta ukamwagika katika vumbi, naye akaokota punje kwa viganja mpaka giza lilipoingia. Hakuumia, twamshukuru Mungu. Na si mbali na hapo, sambamba na barabara, palikuwa na tuta tambarare ambalo mbuzi peke yao walikuwa wakilitumia.

Watu wa nchi nyingine wamekwisha kuliona jambo hili. Katika Uingereza mwaka 1979 watu wa Bristol, wengi wao kwa kujitolea, walianza kutengeneza njia ya baiskeli juu ya reli iliyofungwa kati ya mji wao na Bath, karibu na mto Avon, wakaimaliza mwaka 1986. Urefu wake ni maili 13. Katika Derbyshire reli iliyopita bonde la mto Wye ilifungwa mwaka 1968, ikafanywa njia ya watu mwaka 1981, na mwaka 2011 mahandaki yake yakafunguliwa, baiskeli zikapita ndani ya mlima. Khabari hizo twazijua kwa kusoma. Lakini huko wengi huenda kwa matembezi ya Jumapili. Huku bondeni njia ingebeba mavuno, na kwa hiyo haja yetu ni kubwa kuliko yao.

Shauri la pili ni miti kumi na miwili ya mzee yule. Ikiwa Chama chetu kitaandika barua kuomba tuta lote litengwe kuwa njia, na barua hiyo ikapendeza, atakayetumwa kuipima ardhi ni mmoja wetu, na fomu ya kumwondoa mzee itapigwa chapa na mmoja wetu. Tunajua jinsi faili inavyokwenda. Jambo jema huingia mezani asubuhi, na jioni hutoka limekuwa amri. Tena kila mara mipango ya reli mpya kutoka Mtwara hata Mbamba Bay inapotajwa, watu wa bondeni husikia neno "reli" kabla ya kusikia neno lingine lolote, nao huenda wakahesabu miti yao.

Kwa maoni yetu yawezekana kuyatimiza yote mawili, maadam ombi letu liwe dogo. Njia ya baiskeli haitaki upana wa tuta zima. Yatosha nafasi ya baiskeli mbili kupishana, na palipolimwa njia yaweza kuzunguka chini ya tuta pasipo kung'oa mti. Twapendekeza Chama kiziombe halmashauri za wilaya kwanza ziwaite watu wa vijiji husika wakae baraza, wenye mashamba wakiwa mbele, kabla mtu yeyote hajabeba kamba ya kupimia. Pili, kalvati zisibomolewe kwa ajili ya kuuza nondo zake, maana tuliona mbili zimekwisha kuanzwa kwa nyundo, na kalvati ikivunjwa tuta hukatwa na mvua ya mwaka mmoja. Tena twapenda majina ya wenye miti iliyo juu ya tuta yaandikwe na kusomwa hadharani kuwa ni mali yao. Kama baraza la kijiji litakataa, basi limekataa, na kipande hicho kiachwe. Wako wenzetu katika Halmashauri wasemao kwamba ombi la namna hii ni dhaifu mno, na kwamba njia yenye mapengo si njia. Sisi tumeipita yenye mapengo, tukafika.

Karatasi ya azimio iko mezani kwa Bwana Katibu, nayo itapigiwa kura baada ya chai.

Kwa wale wapendao kufuatana nasi mwakani: baiskeli yoyote ya chuma iliyo nzima yafaa, hata Phoenix ya kazini, lakini gia nyingi hazina faida juu ya tuta. Chukueni tyubu mbili, viraka, gundi, pampu na spanna, na spoku za akiba mzifunge kando ya fremu. Miiba ya bonde ile haina adabu. Maji ya kunywa kila mtu achukue lita tatu, kwa kuwa mto upande wa juu huwa mchanga mtupu wakati wa kiangazi, na watu huchimba visima vifupi humo ambavyo si haki mgeni kuvimaliza. Tutatoka Lindi saa kumi na moja alfajiri, nasi tutapita kwa mzee kumsomea lile daftari tena.