Kambi za Kiangazi na Mtoto wa Familia Yenye Kipato Kidogo

Kila mwaka, kuanzia mwezi Juni hadi mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, shule za umma nchini Marekani hufungwa kwa wiki kumi hivi, na katika kipindi hicho familia zenye uwezo huwapeleka watoto wao kwenye kambi za kiangazi, yaani makazi ya muda yaliyojengwa msituni, milimani au kando ya ziwa, ambamo watoto hulala katika vibanda vya mbao chini ya uangalizi wa vijana waliofunzwa kazi hiyo, wakijifunza kuogelea, kupiga makasia, kuigiza na kuishi na wenzao wasiowajua. Zipo pia kambi za kutwa, ambazo mtoto huzihudhuria asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Kambi za aina zote mbili hazifanani na kambi za kitaaluma wanamowekwa wanafunzi wa Tanzania kabla ya mitihani ya taifa, kwa kuwa shabaha yake ni malezi kwa upana wake. Kambi nyingi za kulala zinazoendeshwa na watu binafsi hutoza zaidi ya dola 1,000 kwa wiki, ilhali mzazi anayelipwa kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu, ambacho ni dola 7.25 kwa saa, hupata dola 290 kwa wiki nzima ya kazi. Kwa hiyo mtoto anayeihitaji kambi kuliko wenzake ndiye anayeikosa, na hali hiyo haipaswi kuendelea kuhesabiwa kuwa ya kawaida.

Faida ya kwanza ya kambi ni chakula, ingawa hutajwa kwa nadra. Tangu Rais Harry Truman alipotia saini sheria ya chakula cha mchana shuleni mwaka 1946, mamilioni ya watoto wamekuwa wakipata shuleni mlo wa uhakika, bure au kwa bei nafuu. Shule zinapofungwa mlo huo hukatika, na mzazi aliyekuwa akihangaikia chakula cha jioni hulazimika kutafuta na cha mchana kwa mshahara uleule. Mpango wa serikali kuu wa chakula cha kiangazi, uliofanywa kuwa wa kudumu mwaka 1975, hugharimia milo inayoliwa mahali watoto wanapokusanyika, zikiwemo kambi, na tangu mwaka 2024 majimbo yaliyokubali kushiriki hutoa pia dola 120 kwa kila mtoto anayestahiki kwa kiangazi kizima. Ugumu ni kwamba chakula kilichopikwa kwa kawaida lazima kifuatwe, na mtoto wa miaka saba ambaye mama yake yuko kazini hawezi kukifuata peke yake. Kambi inayomchukua mtoto kwa basi hulimaliza tatizo hilo bila kumwaibisha mtu, kwa sababu wote huketi meza moja na hakuna mtoto anayejua kipato cha wazazi wa mwenzake.

Kuhusu masomo, mjadala ni mpana zaidi. Mwaka 1982 wanasosholojia Karl Alexander na Doris Entwisle wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walianza kuwafuatilia watoto wapatao 790 walioingia darasa la kwanza katika shule 20 za umma mjini Baltimore, wakaendelea nao hadi utu uzima. Makala waliyoichapisha mwaka 2007 pamoja na Linda Olson ilieleza kwamba shule zinapokuwa wazi watoto wa maskini na wa wenye uwezo hupiga hatua zinazokaribiana, lakini wakati wa kiangazi wale wenye uwezo huendelea mbele na wale maskini hubaki palepale, hata ikakadiriwa kuwa theluthi mbili hivi za pengo lililoonekana katika darasa la tisa zilitokana na viangazi vya miaka ya shule ya msingi. Watafiti wa baadaye, hasa Paul von Hippel, wameitilia shaka hesabu hiyo, wakionyesha kuwa namna mitihani ya wakati ule ilivyopimwa ingeweza kulikuza pengo, na kwamba sehemu kubwa ya tofauti huwepo kabla mtoto hajaanza shule. Pingamizi hilo lina uzito, na anayezitetea kambi hana sababu ya kulificha. Hata hivyo, liwe pengo limeanzia nyumbani au likizoni, wiki kumi zisizo na mwalimu ni nafasi ya kulipunguza.

Ushahidi ulio imara zaidi umetolewa na taasisi ya utafiti ya RAND, iliyochunguza mipango ya kiangazi isiyotozwa ada katika Boston, Dallas, Jacksonville, Pittsburgh na Rochester, ambako watoto waliomaliza darasa la tatu walipewa masomo ya hisabati na kusoma pamoja na michezo na sanaa, wakilishwa na kusafirishwa, kwa mtindo wa kambi za kutwa. Miongoni mwa walioomba, waliopata nafasi walipatikana kwa bahati nasibu, njia ambayo huwawezesha watafiti kujua kwamba tofauti itakayoonekana baadaye haikuletwa na bidii ya wazazi. Kiangazi cha kwanza, cha mwaka 2013, kilileta maendeleo katika hisabati, na watoto waliohudhuria siku 20 au zaidi ndio walionufaika zaidi. Lakini takriban mtoto mmoja kati ya watano waliopewa nafasi hakufika hata siku moja. Hapo ndipo wapangaji wengi hukosea, kwa kudhani kwamba kufuta ada kunatosha, ilhali mzazi mwenye zamu ya usiku hawezi kumpeleka mtoto kituoni saa mbili asubuhi, na binti wa miaka kumi mara nyingi hubaki nyumbani kwa kuwa ndiye mlezi wa wadogo zake. Kambi inayowatumikia maskini kwa dhati hufuata saa za kazi za wazazi, hutuma basi hadi mtaani, na huwapokea ndugu wote pamoja.

Yapo pia mambo ambayo mtihani hauyapimi. Utafiti uliotolewa na taasisi ya USA Swimming mwaka 2017 ulionyesha kuwa asilimia 79 ya watoto wa familia zenye kipato cha chini ya dola 50,000 kwa mwaka hawajui kuogelea au wanajua kidogo sana. Kwa watoto hao ziwa la kambi huwa darasa linaloweza kuokoa maisha. Mwaka 2014 Yalda Uhls na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza kuwa wanafunzi wa darasa la sita waliokaa kambini siku tano bila simu wala televisheni walipiga hatua kubwa kuliko wenzao katika kutambua hisia za watu kwa kuangalia nyuso zao.

Fikra ya kuwapeleka watoto maskini nje ya jiji ni ya zamani. Mwaka 1876 mchungaji Hermann Walter Bion aliwatoa watoto 68 katika jiji la Zürich, Uswisi, akawapeleka kwenye vilima vya Appenzell, na mwaka uliofuata mchungaji Willard Parsons wa Sherman, Pennsylvania, aliwaomba waumini wake wawapokee watoto wa mitaa iliyosongamana ya New York, ndipo likazaliwa shirika la Fresh Air Fund, ambalo hadi leo lina kambi zake karibu na mji wa Fishkill. Mwanahistoria Tobin Miller Shearer, katika kitabu alichokitoa mwaka 2017, ameonyesha jinsi mpango wa kuwapeleka watoto kwa familia za mashambani ulivyowafanya wenyeji weupe waonekane waokoaji na watoto weusi waonekane wenye kuokolewa. Lawama hiyo ni ya haki. Ufaransa ilifuata njia nyingine, kwa kuwa manispaa za wafanyakazi, kama Ivry-sur-Seine, zilianzisha kambi zao wenyewe, na mtoto alikwenda huko kama mwana wa mji wake. Njia hiyo ndiyo inayostahili kuigwa: serikali inayogharimia shule ya umma muda wote wa masomo haina hoja ya kuuachia msimu uliobaki hisani za wafadhili.

Suala hili linawahusu moja kwa moja wasemaji wa Kiswahili, kwa maana familia nyingi za Wakongo na Warundi, baadhi zikiwa zimeishi miaka mingi Nyarugusu mkoani Kigoma, zimehamishiwa katika miji ya Marekani, na mzazi aliyekimbia vita ana kila sababu ya kusita kumlaza mtoto wake kwa watu asiowajua. Waendeshaji wa kambi wanapaswa kumweleza kwa lugha yake, na kumkaribisha afike aone kabla ya kuamua. Wazazi nao waulize shuleni na kwenye maktaba ya mtaa mapema, wakati wa miezi ya baridi, kwani nafasi nyingi za ufadhili hujaa kabla shule hazijafungwa.