Kunyamaza Si Kudharau: Kuwafundisha Wanafunzi Wetu Wittgenstein, Dini na Yasiyosemeka



1. Utangulizi na fasili

Nimeombwa nizungumzie dini, maadili na yasiyosemeka katika fikra za Ludwig Wittgenstein (1889–1951). Fasili za dini na maadili tunazifundisha kila mwaka, sitazirudia. Yasiyosemeka ni yale ambayo lugha ya kutoa taarifa haiyafikii, ingawa mwenendo wa mtu huyadhihirisha.

2. Tatizo

Kwa miaka mingi nimepinga jambo moja: tunawaambia wanafunzi kwamba Wittgenstein aliiona dini kuwa upuuzi. Nimesahihisha mitihani ambayo mwongozo wake ulitoa alama zote kwa jibu hilo, na mwanafunzi aliyesoma kwa makini akaambulia patupu. Hili linaumiza.

Kosa lina historia. Katika *Tractatus*, kitabu cha Wittgenstein kilichochapishwa mwaka 1921, sentensi yenye maana ni ile inayochora hali ya mambo inayoweza kuwapo au kutokuwapo. Wema na ubaya havimo katika hali hizo, kwa hiyo havitolewi taarifa. Wanafalsafa wa kundi la Vienna, akiwamo Rudolf Carnap, waliutumia mpaka huo kuifukuza metafizikia. Wengi wetu tuliishia hapo.

Lakini mwaka 1919 Wittgenstein alimweleza mhariri Ludwig von Ficker kwamba lengo la kitabu lilikuwa la kimaadili, na kwamba sehemu iliyo muhimu zaidi ni ile ambayo hakuiandika. Novemba 1929, katika mhadhara wa Cambridge, alitaja hali alizozipitia mwenyewe: kustaajabu kwamba ulimwengu upo, na kujiona salama hata litokee lolote. Alikiri kwamba kuzisema ni kugonga ukuta wa lugha. Papo hapo akasema anaiheshimu sana hamu hiyo ya binadamu na hawezi kuikejeli.

Mwaka 1931 alianza kuandika maoni juu ya mwanaanthropolojia James Frazer, aliyeziona ibada kuwa sayansi iliyokosea. Frazer alisimulia habari za mfalme wa mvua barani Afrika, ambaye watu humwendea msimu wa mvua unapowadia. Wittgenstein akahoji: kama wanadhani yeye ndiye anayeleta mvua, mbona hawamwendei kiangazi, ardhi ikiwa imekauka? Swali hilo linatuhusu moja kwa moja, maana mila za wazee wetu bado zinafundishwa kama ujinga uliosubiri shule.

Natambua pingamizi la mwanafalsafa Kai Nielsen la mwaka 1967, kwamba mtazamo huu wa kutoipima ibada kama sayansi waweza kuikinga imani isihojiwe. Lina uzito, nalo lifundishwe.

3. Mapendekezo

Mtaala una mamlaka yake, na mada hii haikusudii kuyaingilia. Ndani ya mipaka hiyo, napendekeza:

(i) *Tractatus* isifundishwe bila mhadhara wa 1929.

(ii) Miongozo ya kusahihishia isitoe alama kwa dai kwamba Wittgenstein aliidharau dini.

(iii) Maoni juu ya Frazer yasomwe kabla ya somo lolote la dini za jadi za Kiafrika.

(iv) Ibada ielezwe kwanza kwa nafasi yake maishani mwa wanaoitekeleza, ndipo ihojiwe.

(v) Pingamizi la Nielsen lipewe kipindi chake.

(vi) Walimu wa falsafa na wa dini watunge maswali pamoja.

(vii) Mwanafunzi apimwe kwa kutofautisha kunyamaza na kudharau.

(viii) Kwa msisitizo, miongozo ya kusahihishia ipitiwe upya.

4. Hitimisho

Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba kisichopimika hakina maana atatoka darasani akiwa hana namna ya kuuheshimu msiba wa jirani yake wala sala ya mama yake. Naomba pendekezo la pili liingizwe katika maazimio ya semina hii, na litekelezwe kabla ya mtihani ujao.