ZIARA YA MIGUU KATIKA NYUMBA ZA POMBE ZA KALE: KUTOKA MBINGA HATA LIULI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mbinga)



Huenda kichwa cha hotuba hii kimewachekesha baadhi yenu, maana karani na pombe ni wawili ambao wakubwa wa kazi hawapendi kuwaona wameketi pamoja. Tangu mwanzo tungependa ijulikane kwamba hatukuja kusifu ulevi. Twataka kusema habari za nyumba za pombe kama mahali palipowekwa historia, na habari za desturi ya kuzitembelea kwa miguu pamoja na kiongozi. Kisha tutaleta shauri letu, nanyi mtaamua.

Katika mji wa London desturi hiyo imekwisha kuwa kazi ya watu. Wageni hukusanyika mahali palipotajwa, kiongozi akawatangulia, wakaenda nyumba hata nyumba. Kila penye mlango husimama, wakasikia ni nani aliyejenga, ni nani aliyekuwa akiketi humo, na ni jambo gani lililotokea. Apendaye hunywa glasi moja, asiyependa hunywa maji. Huonyeshwa George Inn, upande wa Southwark, iliyojengwa upya mwaka 1677 baada ya moto, na hata leo ina baraza zake za mbao ghorofani zinazotazama uani. Tangu mwaka 1937 nyumba hiyo i mikononi mwa chama cha kuhifadhi mali ya kale ya Uingereza. Huonyeshwa pia Ye Olde Cheshire Cheese katika Fleet Street, mtaa uliokuwa wa wapiga chapa na waandishi wa magazeti, nyumba iliyojengwa upya mwaka 1667, yaani mwaka mmoja tu baada ya Moto Mkuu wa London.

Kutembea, kutazama na kuandika si mambo mageni kwa watu wa kalamu wa nchi hii. Bwana Martin Kayamba, aliyeongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922, alikwenda London mwaka 1931, akaandika kwa Kiswahili yale aliyoyaona, na kitabu chake kikatoka mwaka 1932. Ikiwa karani wa Tanganyika aliweza kuuandika mji wa Waingereza, basi yatupasa kujiuliza kwa nini sisi hatujaiandika Mbinga.

Walakini mtu akitafuta hapa Umatengo nyumba ya pombe ya mwaka 1677 hataiona. Wazee wetu walijenga kwa miti, udongo na nyasi, na nyumba ya namna hiyo haingoji miaka mia tatu. Tena pombe haikuwa na nyumba yake maalumu. Ilihama kwa kufuata nafaka na kwa kufuata shughuli: leo kwa fulani mwenye arusi, kesho kwa fulani aliyefiwa, mwezi ujao kwa yule aliyewaalika watu kumlimia shamba.

Ninyi mnayajua mashamba ya ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, kisha wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifunika nyasi zile, pakapatikana mashimo mengi yenye matuta pande zote nne. Maji ya mvua hutuama mashimoni yasibebe udongo mpaka bondeni. Kazi hiyo ni nzito kwa mtu mmoja, na mlima ni mkali. Basi mwenye shamba aliita majirani, na mkewe akapika pombe. Haikuwa mshahara, kwa maana hakuna aliyepimiwa kibuyu kwa idadi ya mashimo yake. Ilikuwa ahadi kwamba yeye naye ataitika akiitwa.

Vivyo hivyo palikuwa na sengu, yaani baraza la ukoo, ambapo wanaume walikula pamoja, wazee wakasikiliza magomvi na kuyaamua, na vijana wakajifunza kunyamaza wakubwa wasemapo. Mtu akituuliza nyumba zetu za kale za kukusanyikia zi wapi, tutamwonyesha shamba la ngoro na uwanja wa sengu. Ukuta haupo, lakini utaratibu ulikuwapo, na utaratibu waweza kusimuliwa kama ukuta unavyosimuliwa.

Kilabu cha pombe tukijuacho leo kilikuja baadaye, pamoja na leseni, ushuru na saa za kufungua. Katika siku za Waingereza pombe ya kienyeji iliruhusiwa kwa masharti, lakini vileo vikali vya kizungu vilikatazwa kwa Mwafrika hata karibu na mwisho wa utawala wao. Karani aliyepiga chapa leseni ya hoteli ya Wazungu hakuweza kuketi katika hoteli hiyo. Kisha hapa kwetu ikaja fedha ya kahawa. Mume aliyepokea malipo ya msimu aliweza kununua bia ya chupa, naye alionekana kuwa mtu aliyeendelea, na kibuyu cha mkewe kikahesabiwa kuwa kitu cha watu wa nyuma. Nchi ilipojitawala ilitunga Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, nayo iliviweka vilabu na baa chini ya mamlaka ya leseni. Habari hizi zote zilipita katika mafaili, na mafaili yalipita mikononi mwa makarani. Twataja jambo hili kwa sababu tutalirudia.

Sasa tuseme habari za ziara yenyewe. Baadhi yetu tuliijaribu njia hii Jumamosi moja, tukiongozwa na mzee mmoja wa hapa mjini ambaye hanywi tena kwa amri ya daktari, lakini kumbukumbu zake hazikukatazwa. Tulizunguka vilabu vya Mbinga kwa miguu tangu alasiri. Mzee alitupa masharti matatu kabla ya kuondoka: tusiingie mahali kabla hajatuombea ruhusa, tusipige mtu picha akiwa na chombo mkononi, na kila penye kituo tumlipe mama mwenye pombe hata kama hatukunywa.

Katika kilabu cha kwanza alimwamkia mama mpishi, akatuketisha, akamwomba atueleze kazi yake. Mama alituambia kwamba watu wengi huuliza bei, lakini ni wachache waulizao kazi. Ulezi hulowekwa majini, ukavundikwa mpaka uote, ukaanikwa juani, ukasagwa. Hicho ndicho kimea. Unga wa mahindi hupikwa, ukapozwa, ukatiwa kimea, ukaachwa uchachuke kwa siku kadhaa, kisha ukachujwa. Kuni ni zake, maji ni yake, na hasara ni yake pombe ikiharibika. Kwa kazi hiyo amewasomesha watoto. Mmoja wetu, aliyekuwa akihesabu mapato ya leseni kwa miaka mingi, alikiri njiani kwamba hakujua kama nyuma ya kila stakabadhi mna juma zima la kazi.

Kilabu cha pili palikuwa na ulanzi, ambao asili yake ni mianzi michanga inayokatwa ncha katika majira ya mvua na kukingiwa chombo. Unywaji wake umeenea zaidi Iringa na Njombe, nao umekuwa mmoja wa vinywaji vya nyanda hizi za kusini. Ukinywewa siku ya kwanza ni mtamu kama togwa. Ukikaa hubadilika tabia. Hapo mzee alituonyesha jinsi watu wanavyoketi: wakubwa upande wa ukuta, wageni karibu na mlango, na kijana hapokei chombo kwa mkono mmoja. Alisema kwamba zamani aliyeanza kupiga kelele alipelekwa kwao na vijana wa kikao hichohicho, na kesho yake aliitwa mbele ya wazee. Leo huachwa alale njiani.

Siku ya pili tulishuka ziwani kwa gari, maana kutoka Mbinga hata Mbamba Bay ni kilometa zipatazo 66, na barabara sasa ni ya lami. Nchi hiyo ya pwani ni Wilaya ya Nyasa tangu ilipogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012. Milima huachwa nyuma, hewa ikawa nzito, kahawa ikatoweka, ukaona mihogo, na dagaa walioanikwa, ambao watu wa huko huwaita usipa. Mbamba Bay tulitembea kutoka bandarini hata sokoni, kisha tukaendelea upande wa kaskazini mpaka Liuli. Hapo ndipo kituo chetu kikubwa.

Wadachi walipaita Liuli Sphinxhafen, yaani bandari ya Sphinx, kwa ajili ya mwamba waliouona kufanana na ile sanamu ya Misri. Meli yao, Hermann von Wissmann, iliyoshushwa majini mwaka 1893, ilikuwa na nahodha jina lake Berndt. Waingereza wa Nyasaland walikuwa na meli Gwendolen chini ya nahodha Rhoades. Mabwana hao wawili walikuwa marafiki, na kila walipokutana bandarini waliketi pamoja wakanywa. Vita ilipotangazwa Agosti 1914, Rhoades alipata habari na amri, Berndt hakupata. Meli ya Wadachi ilikuwa imepandishwa nchi kavu Liuli ili itengenezwe. Gwendolen ikaja, ikapiga mzinga. Husimuliwa kwamba Berndt aliruka katika mashua ndogo, akavuta makasia kwa hasira hata ubavuni mwa Gwendolen, akamwuliza rafiki yake kama amelewa. Ndipo alipoambiwa kwamba nchi zao zina vita, na kwamba tangu saa hiyo yeye ni mateka.

Tulicheka sote, na mzee wetu akatuacha tucheke. Kisha akatuuliza: Watu wa Liuli siku hiyo walikuwa wapi? Hakuna aliyemjibu. Wenyeji wa pwani walikuwa na marafiki na jamaa ng'ambo ya maji, Likoma na kwingineko, nao pia walikuwa wakivuka kwa arusi na kwa matanga, wakinywa chombo kimoja. Vita ile iliwatenga bila kuwauliza. Habari ya pombe iliyo mashuhuri kuliko zote katika ziwa letu ni ya wageni wawili, kwa sababu wao waliandikwa. Walioketi ufuoni na vibuyu vyao hawakuandikwa.

Mabwana na Mabibi, hilo ndilo neno tulilokuja kulisema. London waliziweka kuta zao, ndiyo maana wana cha kumwonyesha mgeni. Sisi kuta hatukuwa nazo; tulicho nacho ni wazee wanaokumbuka na mama wanaopika. Mzee akifa na kilabu kikifungwa hakibaki kitu chochote cha kuonyesha, illa leseni iliyokwisha muda.

Twajua kuna watakaosema kwamba kuwaleta watu katika vilabu ni kuwafundisha ulevi. Neno hilo lina uzito, nasi hatulipuuzi. Kuna nyumba katika mji huu ambazo mshahara hauzifikii, na wenye nyumba hizo ni watumishi kama sisi. Gongo imekatazwa na sheria, na kwa haki, maana mnywaji hajui kilichomo. Serikali ilipiga marufuku pia pombe za vifuko vidogo, viitwavyo viroba, tangu tarehe 1 Machi 2017. Lakini ziara tunayoisema ina chombo kimoja kidogo kwa kila kituo, na kituo hakizidi nusu saa. Aliyekuja kulewa ataona imemchosha.

Tena kuna hatari upande wa pili. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wageni wakija wengi, pombe itapikwa kwa ajili ya macho yao, na hadithi zitatiwa chumvi. Wanywaji nao si wanyama wa kutazamwa. Mtu aliyetoka shambani ana haki ya kukinywa kibuyu chake bila kuelezewa na kiongozi kwa sauti kubwa.

Hata hivyo jambo hili lawezekana. Mto wa Mbu, kule Arusha, wageni hutembezwa kijijini kwa miguu na vijana wa mahali hapo, huonyeshwa mashamba ya migomba na huonja pombe ya ndizi, na sehemu ya fedha hubaki kijijini. Mpango wa utalii wa utamaduni wa namna hiyo ulianza nchini katika miaka ya 1990. Ikiwa migomba ya Mto wa Mbu yaweza kumvuta mgeni, ngoro za Umatengo na bandari ya Liuli hazina upungufu.

Basi shauri letu ni hili. Kwanza, chama kinunue daftari moja nene, na kila mwanachama aandike habari za kilabu kimoja au baraza moja: jina la mpishi kwa ruhusa yake, mwaka alioanza, nani alimfundisha, na magomvi gani yalipatanishwa hapo. Makarani walioandika leseni hizo kwa miaka mingi hawashindwi kuandika na habari zake. Pili, ziara iwe mara moja kwa mwezi, ikiongozwa na mwenyeji, na malipo ya mama mpishi yatolewe kwanza kabla ya malipo ya mtu mwingine yeyote. Tatu, nakala ya daftari iwekwe shuleni Mbinga, na nyingine Liuli, ili watoto wa pande zote mbili waisome.

Twaomba Bwana Mwenyekiti aliweke shauri hili mbele ya mkutano. Mzee wetu ametuambia kwamba yu tayari kuanza kusimulia Jumamosi ijayo, naye ameomba tuje na kalamu mbili, kwa kuwa habari ni nyingi.